Kikombe cha Uzi Mwekundu

Tarehe 3 Machi

Kwa mwanangu kipenzi,

Salamu nyingi sana. Hujambo wewe, na wenzako wa hapo hospitali hawajambo? Mimi huku ni mzima wa afya, sina neno, hofu ni kwako tu uliye mbali. Simu yangu ilitumbukia kwenye ndoo ya kulowekea vitambaa na fundi amesema tuizike, kwa hiyo tumerudi kwenye barua. Sioni ubaya. Barua haina mtu wa kuisikiliza pembeni.

Nina ombi dogo. Ulipokuja likizo ulinieleza kuhusu ile poda mnayowapa wagonjwa kusafisha tumbo kabla ya kuingizwa kamera. Ulisema mtu akishainywa, asithubutu kukaa mbali na choo. Nitumie pakiti mbili kwa basi. Tumbo langu limefunga, leo siku ya tano, nimekuwa kama gunia.

Nina maswali pia. Je, ina ladha? Ikichanganywa na chai yenye sukari nyingi, mtu anaweza kuitambua? Na inachukua muda gani toka kunywa mpaka kukimbia? Tuseme imenywewa saa nne asubuhi, je, saa tano na nusu mtu atakuwa wapi? Nauliza tu ili nijipange.

Kiwandani kuna mambo, nitakueleza siku nyingine. Misuli ya miguu inanibana nikikaa sana, lakini huo ni umri, si ugonjwa.

Ni mimi,
Mama yako


Tarehe 9 Machi

Shikamoo Mama,

Natumaini barua hii itakukuta mzima kama ilivyoniacha mimi. Nashukuru kusikia afya yako ni njema. Hapa sote hatujambo, ila foleni haipungui.

Mama, huu ni mwaka wa sita nimekaa kwenye dirisha la dawa. Sijawahi kuona mtu aliyefunga tumbo siku tano akauliza kama dawa itatambulika kwenye chai. Mwenye shida hiyo huuliza jambo moja tu: itafanya kazi lini? Wewe umeniuliza mtu atakuwa wapi saa tano na nusu. Mtu gani, Mama? Unataka kumnywesha nani?

Poda situmi. Ile si kitu cha mzaha. Kabla sijampa mtu, namuuliza: una ugonjwa wa moyo? Una ugonjwa wa figo? Unameza dawa gani nyingine? Hilo la mwisho ndilo watu hulidharau. Mwaka jana mama mmoja alificha kwamba ana kifafa, akaona aibu kwa sababu shemeji yake alikuwa kasimama nyuma yake kwenye foleni. Akanywa poda, na kidonge chake cha kifafa akakimeza saa hiyo hiyo. Kidonge kikapita tumboni kama abiria asiye na kituo, kikatoka vile vile. Alianguka kifafa akiwa chooni, akapasuka kichwa. Hakufa, lakini siwezi kuusahau uso wa mumewe.

Kama kweli ni tumbo lako, kunywa maji mengi na utembee. Wewe sikuulizi hayo maswali, maana najua hakuna dawa unayomeza. Lakini najua pia kwamba si tumbo lako.

Niambie ukweli.

Mwanao


Tarehe 15 Machi

Kwa mwanangu,

Marahaba. Mimi mzima. Umenikamata, basi. Nilisahau kwamba akili hiyo nilikulisha mwenyewe.

Ni Bi Mkasi. Ndiyo, huyo huyo uliyekuwa ukimwita mama mdogo, aliyekuwa akikusuka nywele kila Jumapili pale kwenye ngazi zetu. Jina la Mkasi nilimpa mimi, siku ya kwanza alipokata kitambaa bila kukivuta. Chaki nilimfundisha mimi kuishika. Amekula sahani moja na sisi miaka kumi na minne. Nakwambia haya ili ujue kwamba hasira yangu haikuota jana.

Mwezi wa kwanza tulipata kazi ya suruali za shule. Nilitandika kitambaa tabaka juu ya tabaka, nikakata miguu ya kushoto. Kisha nikatandika tena, nikaigeuza karatasi ya mfano ili nikate ya kulia, nikaibana kwa pini. Nikatoka kidogo kwenda msalani, siku hizi natoka mara kwa mara, nikarudi nikapitisha mashine. Mwanangu, tulipata miguu mia mbili na themanini, yote ya kushoto! Mtu alikuwa ameigeuza karatasi yangu. Na chumbani humo nilimwacha mtu mmoja tu.

Bosi alipokuja, Bi Mkasi akasimama kando yake, akasema kwa sauti ya huruma: "Bosi, usimlaumu dada yangu. Macho yamechoka. Mimi nimekuwa nikimfichia siku nyingi." Aliniita dada yake! Akanishika na bega kabisa.

Sasa yeye ndiye mkataji mkuu. Mimi, baada ya miaka ishirini na miwili, niko meza ya vifungo. Na sheria ya kiwanda unaijua, meza ya vifungo ndiyo humimina chai. Kila mtu ana kikombe chake, na mpini umefungwa uzi wa rangi yake tusije tukachanganya. Mwekundu ni wa mkataji mkuu. Kwa hiyo kila siku saa nne namimina chai kwenye kikombe kilichokuwa changu, nampelekea, naye ananiambia, "Asante dada, Mungu akuweke." Ananiua kwa heshima.

Tarehe 2 Aprili wakuu wa shule wanakuja kuona sare mpya, mashati meupe. Saa tano na nusu mkataji mkuu atasimama mbele yao akate nusu saa nzima huku wanatazama. Nataka asimame. Kisha nataka ashindwe kusimama. Nataka atoke mbio mbele ya bosi na wageni wote, mkasi mkononi, na asiwahi mlango. Nataka waseme macho ya yule mama yalikuwa yamechoka, lakini huyu amechoka kwingine.

Usipotuma poda, duka la kona linauza tembe za kuharisha kama peremende. Hapo hakuna anayeuliza chochote.

Mama yako mwenye uchungu


Tarehe 20 Machi

Shikamoo Mama,

Sijambo, ila barua yako imeniharibia wiki. Nimeisoma mara tatu. Mara ya kwanza nilicheka, mara ya pili nikalia, mara ya tatu nikataka nipande basi nije nimvute nywele kama alivyokuwa akinivuta za kwangu akinisuka. Sitakudanganya, na mimi namtakia mabaya. Akianguka kwenye tope mbele ya wageni nitapiga makofi.

Lakini kwa hasira hiyo hiyo nakuomba kitu kimoja. Usimwekee chochote kabla hujajua anameza nini. Amevuka hamsini. Watu wa umri huo ninaowahudumia, wengi wana kidonge cha kitu fulani, na wengi wanakificha, hasa kazini. Chungulia, uniandikie majina herufi kwa herufi, usubiri jibu langu. Nisikilize hapo tu.

Mwanao


Tarehe 27 Machi

Kwa mwanangu mwenye busara zake,

Marahaba. Mimi buheri wa afya.

Nimechungulia. Mkoba wake huning'inia kwenye msumari nyuma ya mlango wa stoo. Nilijifanya natafuta sindano. Ndani kuna kimfuko cha kitambaa cha sare, kakishona mwenyewe, mshono safi, wa mkono wangu kabisa. Humo kuna dawa tatu. Ya kwanza imeandikwa digoksini. Ya pili ni furosemaidi, hiyo usinieleze, ni ya kukojoza tu. Ya tatu nimeambatisha kipande cha boksi chenye jina, maandishi yalinishinda.

Mwanangu, nilicheka peke yangu mle stoo mpaka nikashika rafu. Aliyemwambia bosi kwamba mimi nimechakaa, kumbe mwenyewe anatembea na duka la dawa begani! Nimekuwa na silaha mbili. Naweza kumnywesha, na naweza kumnong'oneza bosi kwamba mkataji wake mkuu ana moyo mbovu. Lakini kunong'ona ni kazi yake yeye. Mimi nataka akimbie.

Tembe nimekwisha nunua, nimezisaga zote kwa chupa, ziko kwenye karatasi ndani ya kopo la vifungo. Nitasubiri jibu lako mpaka saa nne ya siku ile. Lisipofika, nitajua umekubali.

Mama yako


Tarehe 30 Machi, kwa basi la haraka

Mama,

Shikamoo. USIMPE. Hata punje moja.

Sina njia nyingine ya kukufikia na nimempigia magoti dereva wa basi aifikishe barua hii getini kwenu. Nisikilize vizuri. Digoksini ni dawa ya moyo ambayo kipimo chake kinachotibu na kipimo kinachodhuru vimekaa jirani. Kinachoushikilia moyo wake usikosee mapigo ni madini ya chumvi ndani ya damu, hasa potasiamu. Ile ya kukojoza inayatoa kila siku kwa njia ya mkojo. Ndiyo maana daktari humpima damu kila mara, anakaa naye kwenye ukingo mwembamba sana. Sasa wewe umharishe! Atapoteza maji na chumvi zilizobaki, na ile digoksini iliyokuwa inamsaidia itageuka sumu ndani ya kifua chake. Hatakimbia, Mama. Huenda akaanguka hapo hapo kwenye meza ya kukatia, na asiamke. Hutakuwa umemwaibisha, utakuwa umemzika.

Na utakuwa umeniingiza na mimi, kwa sababu ni mimi niliyekutuma mkobani mwake. Ungeweza kusema hukujua. Sasa unajua.

Namchukia kama unavyomchukia. Mwaga hiyo karatasi chooni.

Mwanao


Tarehe 24 Aprili

Shikamoo Mama,

Wiki tatu hakuna barua. Niliandika tarehe 8, niliandika tarehe 15. Nimeomba ruhusa mara mbili, nimenyimwa mara mbili, safari hii nitakuja hata wakinifukuza.

Kila nikikosa usingizi nazisoma barua zako, na jana nimeona nilichokipita. Uliandika kwamba furosemaidi ni ya kukojoza tu, nisikueleze. Nani alikuambia? Halafu misuli ya miguu inakubana. Halafu siku hizi unatoka mara kwa mara kwenda msalani, ndivyo ulivyoandika, kwa mkono wako, na mimi nikasoma nikapita. Kila anayefika dirishani kwangu namuuliza anameza nini, hata wazee wanaonitukana. Wewe nilikuacha kwa sababu kila barua inaanza na "mimi mzima".

Mama, unameza nini?

Mwanao


Tarehe 2 Mei

Kwa mwanangu kipenzi,

Marahaba. Mimi si mzima. Nilipaswa kuanza hivyo tangu Machi, na tangu mwaka juzi pia. Nina presha. Nameza furosemaidi na nyingine mbili, majina nimeyaandika nyuma ya karatasi hii, herufi kwa herufi. Nilikuficha kwa sababu ungeniambia niache kazi. Sasa usije ukapiga kelele kwenye basi, nimeshatoka hospitali. Soma mpaka mwisho.

Siku ile nilisubiri barua yako, haikuja. Saa nne ilipogonga nikamimina chai, nikatia unga, nikatia sukari vijiko vinne, nikakoroga. Nikapeleka kikombe cha uzi mwekundu mpaka meza ya kukatia. "Asante dada, Mungu akuweke." Nikarudi kwenye vifungo vyangu nikiwa na furaha kama mtu aliyeingia nyumba mpya. Ndipo mlinzi wa getini akaniletea barua yako. Nikaisoma nimesimama.

Mwanangu, nilipomtazama alikuwa bado anapanga karatasi zake, kikombe kiko pembeni, hajakigusa. Ungefanya nini? Kila mtu angefanya jambo moja, angejikwaa akakipiga kumbo. Na mimi nilikwenda kwa nia hiyo. Lakini chini ya kile kikombe kulikuwa na kitambaa cheupe cha mashati yote ya shule ile, tabaka sitini, kimetandikwa hakina kunyanzi. Mkono ulikataa. Miaka ishirini na miwili sijawahi kudondosha hata mate kwenye kitambaa cheupe. Sinki liko nje, na mlangoni wageni walikuwa wameanza kuingia na bosi. Bi Mkasi akanyoosha mkono kukichukua. Nikakiwahi, nikanywa chote mpaka tope la chini. Bosi alinitazama kama mtu aliyeona mbuzi anakula hati.

Saa tano na nusu hakukimbia yeye. Nilikimbia mimi, mbele ya wakuu wa shule wote, na sitakueleza kama niliwahi mlango. Mara ya tano sikurudi. Walinikuta sakafuni, miguu imekakamaa, moyo unaruka ruka kifuani. Daktari alisema baadaye kwamba chumvi zilikuwa zimekwisha kwenye damu, na ile dawa yangu ya kukojoza ndiyo ilikuwa imefungua njia. Yale yale uliyoyaandika wewe, nilikuwa nayo mfukoni, kwenye barua.

Sasa shika moyo. Hospitali waliuliza mgonjwa anameza nini. Mimi sikuweza kusema. Akajibu Bi Mkasi, dawa zote tatu, moja baada ya nyingine. Yule mwanamke amekuwa akipekua mkoba wangu muda mrefu kuliko mimi nilivyopekua wake! Ndivyo alivyojua kwamba natoka sana kwenda msalani, ndivyo alivyopata nafasi ya kuigeuza karatasi. Na ndivyo nilivyopona. Waliuliza yeye ni nani kwangu, akasema ni mdogo wangu.

Alikaa na mimi siku mbili. Siku ya pili nilipoweza kusema, nikamwambia, "Uliigeuza karatasi yangu."

"Niliigeuza," akasema. Hata hakuinamisha macho.

"Kwa nini umekuja hapa?"

"Nilitaka uishi nikuulize. Kile kikombe kilikuwa changu. Kwa nini ulikinywa?"

Nikamwambia ilikuwa kwa ajili ya kitambaa. "Nilijua si kwa ajili yangu," akasema, akanimenyea chungwa. Sikulila. Kesho yake nililila, njaa ilinizidi.

Lakini ngoja ucheke. Yeye kuja na mimi hospitali, aliwaacha wageni wamesimama na kitambaa kimetandikwa. Bosi akamwita mkataji wa pili, akakata vizuri, wakuu wakapiga makofi. Uzi mwekundu umekwenda kwa huyo. Niliporudi kazini Jumatatu nilimkuta Bi Mkasi yuko meza ya vifungo, kiti kinachotazamana na changu. Nilitaka sana kufurahi. Nilifurahi mpaka saa tatu hivi.

Hajasema kwa mtu kilichokuwa kwenye chai. Aliniambia tu kwamba kikombe kile anacho, amekifungia kabatini kwake, hakijaoshwa. Na mimi nikamwambia majina yaliyo kwenye kimfuko chake ninayo kichwani, na mlango wa bosi naujua. Tukaendelea kushona vifungo. Chai kila mtu anajimiminia mwenyewe.

Usidhani tumepatana. Namchukia kuliko Machi, maana Machi nilikuwa sidaiwi naye uhai wangu. Alininyang'anya kazi yangu halafu akaninyima hata haki ya kumchukia kwa raha. Siwezi kumsamehe hilo. Naye ananitazama vile vile, namwona.

Lakini kila asubuhi, kabla hatujatunga uzi kwenye sindano, ananiuliza, "Umemeza?" Namwambia, "Nimemeza. Na wewe?" Anatoa kimfuko, anameza mbele yangu, na mimi nahesabu, moja, mbili, tatu, mpaka nione koo limeshuka. Nikimwona amelegea macho au ameshika kifua, namvuta mkono mimi mwenyewe mpaka kliniki akapimwe damu. Mwanamke yule hafi kabla yangu. Nataka awe hai, awe na nguvu, na moyo wake upige sawasawa, siku nitakapomlipa.

Ukija, njoo na maswali yako yote matatu ya dirishani. Utuulize sote wawili.

Mama yako, ambaye si mzima